Jiwe Mkononi mwa Jirani
Mada kwa viongozi wa walei: kufuata mila kwa upofu, kama hadithi fupi zinavyotufundisha



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mila na haki. Ni mada ambayo huleta ubishi kabla hata msemaji hajamaliza salamu. Mzee akisikia kwamba padre atasema habari za mila, hujiweka sawa kitini tayari kuwatetea babu zake. Kijana naye hutabasamu, akidhani leo wazee watasutwa. Kwa sababu hiyo nimechagua kuzunguka kidogo. Nitaanza na hadithi mbili fupi, moja ya Marekani na nyingine ya Nigeria, kisha turudi nyumbani.

Njia hii si uvumbuzi wangu. Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria na kufanya mumewe auawe vitani, nabii Nathani hakumwendea na orodha ya mashitaka. Alimsimulia kisa cha tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Hadithi fupi iliyo nzuri hufanya kazi hiyo hadi leo. Hutuacha tuhukumu kwa haki jambo la wengine, halafu hutugeuzia uso kwetu.

1. KIJIJI CHA WATU MIA TATU

Hadithi ya kwanza iliandikwa na Shirley Jackson, mwanamke wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1916 na 1965. Inaitwa The Lottery, yaani Bahati Nasibu, nayo ilitoka katika jarida la The New Yorker tarehe 26 Juni 1948.

Ni asubuhi ya tarehe 27 Juni, jua linawaka na maua yamechanua. Watu wapatao 300 wa kijiji kimoja wanakusanyika uwanjani, kati ya posta na benki. Watoto wamefika kwanza, kwa kuwa shule zimefungwa. Wavulana wanaokota mawe na kuyarundika pembeni. Wanaume wanaongea habari za kupanda, za mvua, za matrekta na kodi. Wanawake wanasalimiana na kupashana habari. Anayeongoza shughuli ni Bwana Summers, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mtu yule yule anayesimamia ngoma na kikundi cha vijana. Kila mkuu wa familia anaitwa kwa jina, naye anachukua karatasi katika sanduku jeusi. Msomaji anadhani kuna zawadi.

Familia ya Hutchinson ndiyo inayoangukiwa. Baba, mama na watoto watatu wanachukua karatasi tena, mmoja mmoja. Yenye doa jeusi inamwangukia mama, Tessie. Hapo ndipo tunapojua kazi ya yale mawe. Kijiji kizima kinamzunguka na kumpiga. Shughuli yote haifikishi saa mbili. Imeanza saa nne asubuhi ili watu wawahi nyumbani kwa chakula cha mchana.

Jackson alisimulia baadaye kwamba majira yale ya joto alipokea barua zaidi ya 300 za wasomaji. Zilizomsemea mema zilikuwa 13 tu, na nyingi kati ya hizo zilitoka kwa marafiki zake. Wengi walishangaa, wengine walimtukana. Lakini walikuwepo pia waliouliza kwa dhati kabisa bahati nasibu hiyo inafanyika wapi, na kama wanaweza kwenda kuitazama. Ndugu zangu, swali hilo linatisha kuliko hadithi yenyewe.

2. MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Kwanza, tutazame sanduku. Watu wa kijiji kile wamesahau karibu kila kitu. Sanduku la asili lilipotea zamani. Vipande vya mbao vilivyotumika mwanzoni vimebadilishwa kuwa karatasi, kwa sababu watu wameongezeka. Kulikuwa na maneno ya kuimba na namna ya kusalimu. Yote yameachwa kidogo kidogo. Basi mtu akisimama pale na kusema kwamba mila haibadiliki, hasemi kweli. Imebadilika sana. Yaliyobadilika ni yale yaliyowasumbua walio wengi. Lililobaki ni lile linalomuumiza mmoja. Mawe hawakuyasahau.

Pili, katika kijiji kile huwezi kumwonyesha mtu mmoja kwa kidole na kusema huyu ndiye mwovu. Bibi Delacroix anapiga soga na Tessie asubuhi ile, wanacheka pamoja. Muda si mrefu anaokota jiwe kubwa mno hata inambidi alinyanyue kwa mikono miwili. Hakuna ugomvi uliopita kati yao. Tumezoea kudhani kwamba udhalimu huhitaji watu wakatili. Mwandishi anatuonyesha kwamba hutosha kuwepo watu wa kawaida, wacheshi, wachapakazi, ambao hawaulizi.

Tatu, yupo Mzee Warner, ambaye anashiriki kwa mara ya sabini na saba. Anawaita wajinga vijana wa vijiji vinavyotaka kuacha desturi hiyo, na kudai kwamba mwisho wao watarudi kuishi mapangoni. Sikilizeni hoja zake: daima bahati nasibu imekuwepo, tena upo msemo wa wazee unaoihusisha na mavuno mazuri ya mahindi. Basi. Hana hoja nyingine, na hakuna anayemdai nyingine. Umri wake umegeuzwa kuwa ushahidi.

Nne, yupo Bwana Adams. Huyu nawaomba viongozi mmkumbuke zaidi ya wote. Ndiye aliyemwambia Mzee Warner kwamba kijiji cha kaskazini kinafikiri kuacha, na mkewe akaongeza kwamba kwingine wamekwisha kuacha. Kwa hiyo wanajua. Wamesikia habari. Lakini mawe yanapoanza kurushwa, Bwana Adams yuko mstari wa mbele. Alisema neno lake kwa sauti ya chini, alipokemewa akanyamaza, na aliponyamaza akafuata.

Tano, Tessie mwenyewe. Alichelewa kufika kwa sababu alisahau siku, akaja mbio akicheka. Wakati wengine wanaitwa hakuwa na neno. Tena alimhimiza mumewe aende kuchukua karatasi. Kura ilipoiangukia nyumba yake ndipo alipoanza kulalamika, na lalamiko lake la kwanza lilikuwa kwamba mumewe hakupewa muda wa kutosha wa kuchagua. Akafika hata kutaka binti yake aliyeolewa aingizwe katika hesabu, ili hatari igawanywe kwa wengi. Alilia kwamba jambo lenyewe si haki pale tu mawe yalipokuwa yanamjia. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na kuna jambo dogo mwishoni ambalo ni zito kuliko yote. Mtoto mdogo wa Tessie, Davy, anapewa vijiwe vichache mkononi. Hajui maana yake. Atakua akijua kwamba siku hiyo watu wote walirusha, naye alirusha.

3. UPOFU WA UPANDE WA PILI

Kama ningeishia hapo, wasomi mliopo mngeondoka mmefurahi. Basi tusikilize hadithi ya pili. Iliandikwa mwaka 1953 na Chinua Achebe wa Nigeria, aliyefariki mwaka 2013. Inaitwa Dead Men's Path, yaani Njia ya Wafu.

Mwaka 1949, kijana msomi aitwaye Michael Obi anateuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni iliyobaki nyuma. Yeye na mkewe wana ari kubwa: masomo yawe ya kiwango cha juu, na uwanja wa shule uwe bustani. Jioni moja anamwona bibi kizee wa kijijini akikatiza katikati ya maua. Kumbe pana kijia cha zamani kinachopita uwanjani, kinachounganisha mahali pa ibada ya kijiji na makaburi yao. Mwalimu mkuu anakiziba kwa miti na seng'enge. Kuhani wa kijiji, mzee mwenye mkongojo, anakuja kumweleza kwa upole kwamba njia ile ndiyo wanayopita wafu wakiondoka, na ndiyo wanayoijia watoto wakizaliwa. Obi anamsikiliza huku akitabasamu kwa kujiamini. Anamjibu kwamba kazi ya shule ni kufuta imani za namna hiyo. Wachonge njia nyingine kando ya uwanja, hata wanafunzi watawasaidia.

Siku mbili baadaye mwanamke kijana anafariki wakati wa kujifungua. Mganga anaulizwa, naye anasema mababu wametukanwa. Asubuhi maua yamekanyagwa, ua umeng'olewa na jengo moja la shule limebomolewa. Siku hiyo hiyo msimamizi Mzungu anafika kukagua. Taarifa yake haimpongezi mwalimu mkuu. Inamlaumu kwa juhudi iliyokosa hekima.

Achebe hatuambii kwamba imani ya wanakijiji ilikuwa sahihi, wala kwamba seng'enge ndiyo iliyomwua yule mama. Anachotuonyesha ni kwamba Obi naye alikuwa mfuasi asiyeuliza. Yeye alikuwa ameyapokea maendeleo kama Mzee Warner alivyoipokea bahati nasibu. Kijia kile hakikuwa kinamwumiza mtu yeyote. Kiliharibu bustani tu. Kukizuia kulihitaji mazungumzo, naye aliona mazungumzo ni kupoteza wakati.

Zikiwekwa pamoja, hadithi hizi mbili zinatupa fundisho moja. Tusimpime mtu kwa kuuliza kama anashika mila au anaiacha. Tumpime kwa kuuliza kama ametazama. Ametazama jambo hili ni la nini, na nani anayelipa gharama yake? Kijia cha Achebe kiligharimu maua. Bahati nasibu ya Jackson iligharimu mama wa watoto.

4. TURUDI NYUMBANI

Sisi tuna methali isemayo: mwacha mila ni mtumwa. Ni neno la hekima, na historia yetu ya kutawaliwa inalithibitisha. Aliyefundishwa kuyadharau yote ya kwao hupata bwana mpya upesi. Lakini methali hii haikutungwa iwe kufuli ya kinywa cha mjane.

Tuwe wakweli. Zipo familia za Kikristo ambamo mume akifariki, kabla matanga hayajaisha ndugu wamekwisha kuhesabu ng'ombe, mashamba na mabati. Mahari ya mbuzi imekwisha kugeuzwa fedha, taarifa ya msiba hupelekwa kwa simu, ngoma imekuwa spika. Yote hayo yamebadilika na hakuna aliyelia. Lakini mjane akiomba abaki katika nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe, ghafla anaambiwa kwamba mila haibadiliki. Je, hilo si sanduku lile lile la kijiji cha Jackson?

Katika maeneo ya Usukuma, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Baadhi kosa lao lilikuwa macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni walikopikia watoto na wajukuu. Wauaji huja usiku, lakini jina la bibi limekwisha kutajwa mchana, na majirani wamekwisha kulisikia.

Kuna pia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyotikisa nchi yetu hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Hayo tusiyape hata heshima ya kuitwa mila. Ilikuwa biashara iliyovaa vazi la mila, kwa kuwa wafanyabiashara wake walijua kwamba mahali ambapo watu hawaulizi, neno lo lote la mganga linapita.

Na kuna ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 iliufanya kuwa kosa la jinai kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba mwaka 1996 wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 18 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49; mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Ni hatua ya kumshukuru Mungu. Lakini tukumbuke seng'enge ya mwalimu Obi. Mahali ambapo sheria ilifika peke yake, bila mazungumzo, baadhi ya familia zilianza kuwakeketa watoto wachanga kwa siri, ili serikali isijue. Njia ilizibwa hapa, ikachongwa kule. Penye mafanikio ya kudumu ni pale ambapo wazee wa mila, mangariba, akina mama na wasichana wenyewe waliketi chini wakaulizana: tunataka nini hasa kwa binti huyu? Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba tunataka aheshimike, afunzwe, apokewe kama mtu mzima. Hayo yote yanawezekana bila kisu.

Mfano mmoja wa kututia moyo ni wa mwaka 1990. Mwanamke wa Kihaya alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Mpwa wake akashitaki, kwa hoja kwamba kwa mila yao mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuliuza, ingawa mwanamume anaweza. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya. Jaji aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Angalieni busara yake: hakuufuta ukoo wala hakuyafuta masharti. Aliondoa jiwe tu.

Na ndani ya Kanisa je? Sisi Wakatoliki tuna Mapokeo Matakatifu, na tuna mazoea. Mapokeo ni imani tuliyoipokea kwa Mitume. Mazoea ni yale tuliyoyakuta parokiani. Tukimkatalia maskini mazishi yenye heshima kwa sababu kadi yake ya michango haikujazwa, tukisema ndivyo tulivyozoea hapa, tusijifiche nyuma ya neno Mapokeo. Hilo nalo ni sanduku jeusi, hata kama limehifadhiwa sakristia.

5. NURU YA INJILI

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu anawakemea waliotumia desturi ya kuweka mali wakfu ili wasiwasaidie wazazi wao. Hakuishambulia desturi kwa kuwa ni ya kale. Yeye mwenyewe alikwenda hekaluni na kuishika Pasaka. Aliitazama desturi, akamwona mzee mwenye njaa aliyesimama nyuma yake.

Na katika Yohane, sura ya 8, tunakuta tena watu wenye mawe na mwanamke aliyewekwa katikati. Watu hao walikuwa na andiko la sheria upande wao. Yesu hakubishana nao juu ya sheria. Alimrudisha kila mmoja ndani ya dhamiri yake, na Mwinjili anatuambia kwamba waliondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Linganisheni na kijiji cha Jackson. Kule Mzee Warner ndiye anayewahimiza watu wasonge mbele. Hapa wazee ndio wa kwanza kuondoka. Umati ulikuwa ule ule na mawe yale yale. Tofauti ilianzia kwa wazee.

Ndiyo maana mada hii nimeileta kwenu viongozi wala si kwa vijana peke yao. Kijana akiuliza swali, huambiwa hana adabu. Mzee wa Kanisa, mwenyekiti wa Jumuiya, mama wa WAWATA, hao wakiuliza swali lile lile katika kikao cha ukoo, kikao hutulia na kusikiliza.

6. TUTENDE NINI?

Napendekeza kwamba kila linapotajwa neno mila katika kikao cha familia au cha Jumuiya, kiongozi aulize kwa upole maswali matatu. Mila hii ilianzishwa ili kulinda nini? Leo inamlinda nani, na inamuumiza nani? Yule anayeumia, ameulizwa? Swali la tatu ndilo gumu. Mara nyingi tutagundua kwamba anayelipa gharama hakuwepo kikaoni: yuko jikoni, au amefungiwa chumbani na kilio chake, au bado ni mtoto.

Pili, tusiseme kwa sauti ya chini kama Bwana Adams. Anayejua kwamba jina la bibi fulani limeanza kutajwa kwa uchawi, alitoe jambo hilo siku ile ile kwa Padre, kwa Tume ya Haki na Amani, kwa uongozi wa kijiji na polisi. Tena viongozi wawili au watatu wakamtembelee bibi huyo mchana, waketi naye barazani, watu wote waone.

Tatu, msimwache mjane aende peke yake kwenye kikao cha kugawa mali. Aende na wazee wawili wa Jumuiya. Mume akiwa hai, mhimizeni aandike wosia.

Nne, tunapopinga jambo, tuanze kwa kusikiliza. Mwalimu Obi angemkaribisha yule mzee kiti, huenda shule isingebomolewa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika hadithi ya Bahati Nasibu, ni mtu gani unayefanana naye zaidi: Mzee Warner, Bwana Adams, Bibi Delacroix au Tessie? Kwa nini?

2. Taja mila moja ya kwenu ambayo imebadilika katika kizazi chako. Nani alifaidika na badiliko hilo?

3. Taja jambo moja ambalo bado tunasema haliwezi kubadilika. Nani analipa gharama yake?

4. Je, ipo njia ya wafu ambayo sisi Wakristo tumeiziba bila sababu ya kutosha, tukawadharau wenzetu?

5. Katika Jumuiya yetu, ni nani wiki hii anayehitaji tukaketi naye barazani? Chagueni watakaokwenda, na siku.